Mbwa Anaposhukiwa Kudhuriwa na Sumu ya Kuulia Wadudu au Panya: Mwongozo Kamili kwa Wafugaji wa Dodoma

Mbwa aliyekuwa mzima asubuhi akikutwa jioni anatokwa na mate yasiyokatika, misuli inamtetemeka na miguu haimbebi, watu wengi wa nyumbani hukimbilia maziwa, na wengine mafuta ya kula. Nia yao ni njema, lakini nusu saa inayopotea katika kumnywesha ndiyo nusu saa ambayo mbwa huyo angeweza kuoshwa, sumu iliyomdhuru ingeweza kutambuliwa, na yeye mwenyewe angekuwa tayari njiani kwenda kwa daktari wa mifugo. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi hizo tatu, na ninasisitiza zaidi ile ya kutambua sumu, kwa sababu bila jina lake hata daktari hodari analazimika kubahatisha.

Sumu zilizomo katika nyumba zetu

Nyumba ya Dodoma huwa na sumu nyingi kuliko mwenyewe anavyodhani. Mahindi, mtama, uwele na karanga huhifadhiwa kwa magunia ndani ya nyumba au katika banda la uani, mahali ambapo mbwa wa ulinzi naye hupenda kulala kwa ajili ya kivuli. Unga wa kuhifadhia nafaka unaouzwa sana madukani huchanganya pirimifosi-methili, ambayo ni ya kundi la viuadudu liitwalo organofosfati, na permethrini, ambayo ni ya kundi jingine, pairethroidi. Kuna pia vidonge vya alumini fosfaidi vinavyowekwa kwenye nafaka, ambavyo vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo huua watu pia, kwa hiyo vidonge hivyo havipaswi kabisa kutumika katika chumba kinacholaliwa au kilichopakana nacho.

Katika maeneo yanayojengwa kwa kasi kama Ilazo, Iyumbu na Nzuguni, udongo wa msingi hunyunyiziwa dawa ya mchwa, na mara nyingi dawa hiyo huwa na klorpairifosi, organofosfati nyingine. Ndani ya nyumba kuna dawa za kupulizia mende, mbu na kunguni, nyingi zikiwa pairethroidi. Kuna chambo za panya za nafaka iliyotiwa rangi au za vipande vya nta, na kuna unga mweusi au wa kijivu wa panya ambao mara nyingi ni zinki fosfaidi. Mwisho, kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mvua zikianza, kupe huongezeka, na mfugaji anayeona kupe masikioni mwa mbwa wake huchota dawa ya josho iliyobaki na kumpaka bila kuipima. Dawa hiyo inaweza kuwa amitrazi, pairethroidi au organofosfati, na kila moja ina madhara yake na tiba yake.

Hatua ya kwanza: linda watu

Kabla ya kumgusa mbwa, waondoe watoto, fungua milango na madirisha, kisha vaa glavu za mpira. Kama hakuna glavu, mifuko miwili safi ya plastiki iliyofungwa vizuri kwenye vifundo vya mikono ni afadhali kuliko mikono mitupu. Organofosfati hupenya ngozi ya binadamu kama inavyopenya ya mbwa. Yeyote aliyemshika mnyama kisha akaanza kuumwa kichwa, kutapika, kutokwa na jasho jingi au kuona ukungu apelekwe hospitali mara moja, na wahudumu waelezwe kwamba ameshika sumu.

Hapa lipo jambo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwa nchi nyingine huliruka, nasi hatuwezi kuliruka: mbwa anayetokwa na mate anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Sumu kwa kawaida huanza ghafla, ndani ya dakika au saa chache, na huambatana na kutapika, kuhara au kutetemeka mwili mzima. Kichaa hujitokeza kwa siku kadhaa: tabia hubadilika, mbwa hujificha au huuma bila kuchokozwa, sauti hubadilika, taya hulegea na kumeza humshinda. Hata hivyo, tofauti hizi haziaminiki kiasi cha mtu kuhatarisha maisha yake. Ikiwa mbwa hajachanjwa, au aliwahi kung'atwa na mbwa asiyejulikana katika miezi ya karibuni, asiguswe mdomoni na mtu yeyote. Afungiwe mahali pasipo na watu, na afisa mifugo wa kata aitwe. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate ya mbwa huyo kwenye kidonda au jichoni, aoshe sehemu hiyo papo hapo kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, kidonda kikiongezewa sabuni, na aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Hatua ya pili: tazama na uandike

Andika saa. Kisha mtazame mbwa kwa utulivu kwa dakika moja au mbili, kwa maana dalili za mwanzo hubadilika haraka na daktari hatazikuta kama ulivyoziona wewe. Mate ni membamba kama maji au ni povu? Machozi yanamtoka? Amejikojolea au kuharisha? Mulika jicho kwa tochi ya simu na utazame mboni: mboni iliyosinyaa ikawa kama ncha ya sindano, pamoja na mate, machozi, mkojo, kuhara na pumzi ya kukoroma, ni picha ya organofosfati au kabamati, kundi jingine la viuadudu lenye madhara yanayofanana nayo. Pairethroidi huelekea zaidi kwenye kutetemeka, masikio na ngozi kuchezacheza, mbwa kutupatupa miguu kana kwamba anaungua, na hatimaye degedege. Amitrazi hufanya kinyume: mbwa anasinzia, anayumba, moyo unapiga polepole na mwili unapoa. Kutapika kunakonuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza huashiria zinki fosfaidi au alumini fosfaidi. Harufu hiyo ni ya gesi yenyewe, kwa hiyo usiinamie kuinusa, na mtoe mbwa nje kwenye upepo.

Inua mdomo wa juu uone fizi, ikiwa mbwa anakubali. Fizi nzuri ni za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole rangi hurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Fizi nyeupe humaanisha damu imepungua au haizunguki vizuri. Za rangi ya samawati humaanisha hewa haimtoshi, na hapo usiendelee na lolote ila safari ya kwenda kwa daktari.

Simu yenye kamera ina faida kubwa hapa. Video ya sekunde 30 inayoonyesha mtetemeko na mwendo wa mbwa inamweleza daktari zaidi ya maelezo marefu ya mdomo.

Hatua ya tatu: ondoa sumu iliyo kwenye ngozi na manyoya

Mbwa akipakwa dawa, akilalia unga au akimwagikiwa, sumu haiingii mara moja tu. Inaendelea kupenya ngozi, na kila anapojilamba inaingia tena kwa mdomo. Kwa hiyo kuosha ni tiba kwa maana kamili, na ndiyo tiba pekee ambayo mfugaji anaweza kuitoa salama akiwa nyumbani, mradi mbwa yuko macho, anapumua vizuri na hana degedege.

Vua kwanza mkanda wa shingoni au mnyororo, kwa sababu dawa hujificha chini yake. Kama sumu ni ya unga, ipanguse kwa kitambaa kikavu kabla ya kumwaga maji. Kisha tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo inakata mafuta yaliyobeba dawa. Maji ya moto yanapanua mishipa ya ngozi na kuongeza upenyaji. Maji baridi humpoza mbwa, na baridi huzidisha mtetemeko wa pairethroidi. Anzia shingoni ukielekea mkiani, usije ukasukumia dawa machoni, na usisahau makwapa, tumbo na katikati ya vidole. Usisugue kwa brashi, kwa kuwa ngozi iliyochubuka hupitisha sumu kwa wepesi zaidi. Suuza, paka sabuni mara ya pili, suuza tena. Mtaani kwenu maji yakiwa ya mgao, weka akiba ya madumu mawili ya lita 20 ambayo hayaguswi kwa shughuli nyingine. Kwa mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi yanatosha. Usimwoshe kwa mafuta ya taa, petroli wala jiki.

Dawa ikiwa imeingia machoni, mwagia jicho maji safi mfululizo kwa dakika 15 hadi 20. Baada ya kuoga mkaushe kwa kanga kuukuu, mfunike, na mzuie asijilambe. Maji machafu yasielekezwe kwenye bustani ya mboga wala mahali kuku wanapokunywa.

Hatua ya nne: yale ya kuacha

Usimpe maziwa, mafuta, samli wala mayai mabichi. Mafuta yanaweza kuharakisha ufyonzwaji wa baadhi ya sumu, na mbwa anayetetemeka humeza vibaya, hivyo kinywaji chochote kinaweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia. Chumvi ni hatari zaidi: kiasi cha kumtapisha mbwa kinatosha kupandisha chumvi katika damu yake hadi ubongo udhurike. Mkaa wa jikoni uliosagwa si sawa na mkaa wa tiba, na majivu huunguza koo.

Usimtapishe kwa uamuzi wako mwenyewe. Dawa nyingi za majimaji huyeyushwa katika mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, ambayo yakirudi kooni huteleza hadi mapafuni. Ikiwa sumu ni zinki fosfaidi, matapishi hutoa gesi yenye kuwadhuru wote waliosimama karibu. Yapo mazingira ambayo daktari ataamua mbwa atapishwe, hasa akiwa amekula chambo cha panya muda mfupi uliopita na bado hana dalili yoyote, lakini uamuzi huo ni wake baada ya kujua kilicholiwa. Chakula nacho kisitolewe, kwa sababu chakula huchochea tindikali tumboni, na tindikali ndiyo inayoitoa fosfini kutoka kwenye unga wa panya.

Hatua ya tano: tafuta jina la sumu

Wakati mtu mmoja anamwosha mbwa, mwingine azunguke nyumba. Atazame nyuma ya jokofu, chini ya magunia, kwenye kona za banda na kandokando ya ukuta, aone kama kuna chambo kilichotafunwa, mfuko uliopasuliwa au matapishi yenye rangi isiyo ya kawaida, kwani chambo nyingi za panya hutiwa rangi ya buluu, kijani au waridi. Awaulize wote, pamoja na msaidizi wa nyumbani, mlinzi na jirani: nani amepulizia dawa leo au jana, nani ameweka sumu ya panya, nani amempaka mbwa dawa ya kupe? Aulize bila ukali. Kijana wa kazi anayeogopa kufokewa atakana kwamba alimpaka mbwa dawa ya ng'ombe, na kukana huko kunaweza kumgharimu mbwa uhai.

Sababu ya kulisisitiza hili ni moja. Atropini, dawa inayomwokoa mbwa aliyedhuriwa na organofosfati, inaweza kumzidishia hali mbaya aliyedhuriwa na amitrazi, kwa kuwa huzidi kusimamisha utumbo na kupandisha shinikizo la damu. Mbwa wote wawili wanaweza kuwa na moyo unaopiga polepole. Kinachowatenganisha mezani kwa daktari ni dalili nyingine, na zaidi ya hapo ni chupa uliyokuja nayo.

Chukua kifungashio chenyewe, ukifunge ndani ya mfuko mwingine, na upige picha ya lebo pande zote. Kinachotakiwa si jina la kibiashara lililoandikwa kwa herufi kubwa, bali kile kiambato chenye sumu kilichoandikwa kwa herufi ndogo pamoja na kiasi chake kwa lita au kwa kilo. Utepe wa rangi chini ya lebo unaonyesha ukali: mwekundu na wa njano ni za hatari zaidi kuliko wa buluu na kijani. Tatizo letu kubwa ni dawa zinazopimwa kwa vijiko na kuuzwa sokoni katika vifuko visivyo na maandishi, au kumiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Ikiwa ndivyo ilivyonunuliwa, mtu arudi kwa muuzaji aombe kuona chombo ambacho dawa ilitolewa, akipige picha, na aitume kwa simu. Viuatilifu halali nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ijulikanayo kwa kifupi TPHPA, na lebo yake huwa na namba ya usajili; kifuko kisicho na lebo hakina wa kukijibia.

Hatua ya sita: mpigie daktari ukiwa tayari kuondoka

Namba za daktari wa mifugo na za afisa mifugo wa kata ziwe kwenye simu kabla ya siku ya shida. Unapopiga, anza na mambo ya msingi kwa mfululizo: "Daktari, nina mbwa dume wa kilo 25 hivi, miaka mitatu, amechanjwa. Saa kumi jioni amepakwa dawa ya ng'ombe ya kupe, lebo ninayo. Tangu saa kumi na moja anatokwa mate, anatetemeka, mboni zimesinyaa. Nimeshamwosha mara mbili. Je, uko wapi, na unayo atropini?" Swali la mwisho ni la lazima, kwa sababu si kila kliniki au duka la dawa za mifugo lina dawa hiyo. Akisema hana, muulize nani anayo kabla hujapoteza muda barabarani.

Usafiri wa bajaji unafaa kuliko bodaboda, maana mbwa anapaswa kulala ubavu, shingo ikiwa imenyooka na mdomo umeelekea chini kidogo ili mate na matapishi yatoke. Usimfunge mdomo kwa kamba ikiwa anatapika au anahema kwa shida. Usimwache ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika chache. Joto la mchana la Dodoma hasa Oktoba na Novemba linatosha kumuua mbwa mzima, sembuse yule ambaye misuli yake inatetemeka na kuzalisha joto lake mwenyewe. Akipatwa na degedege njiani, usiingize chochote mdomoni mwake, zuia tu kichwa kisigonge.

Atakachofanya daktari

Kwa organofosfati na kabamati, daktari hudunga atropini na kuirudia hadi mate na makohozi ya mapafuni yapungue. Kwa organofosfati huweza kuongeza pralidoksimu, ambayo hufaa zaidi ikitolewa mapema. Mfugaji asijaribu kudunga atropini mwenyewe: kiasi hupimwa kwa uzito na kwa mwitikio wa mbwa, na kikizidi nacho ni sumu. Pairethroidi haina kiuasumu, yaani dawa ya kuipindua, hivyo hutulizwa kwa dawa za degedege na za kulegeza misuli, pamoja na kulinda joto la mwili; wengi hupona wakipewa uangalizi mzuri. Amitrazi ina dawa zake za kuipindua, kama yohimbini na atipamezoli. Fosfini haina kiuasumu, na tiba yake ni kusaidia moyo, mapafu na ini.

Sumu ya panya inayozuia damu kuganda, kama brodifakumu na bromadioloni, inahitaji maelezo yake ya pekee kwa sababu hudanganya. Mbwa hula chambo Jumatatu, anacheza na kula vizuri hadi Jumatano, kisha Alhamisi au Ijumaa anaanza kulegea, anakohoa, fizi zinapauka, na damu inatoka puani au kwenye mkojo. Mwenyewe haunganishi tena tukio hilo na chambo. Ukijua amekula, mpeleke siku hiyo hiyo bila kungoja dalili, ingawa anaonekana mzima. Kipimo cha muda wa damu kuganda hufanywa saa 48 hadi 72 baada ya kula sumu, na tiba ni vitamini K1 inayotolewa kwa wiki kadhaa, mara nyingi nne, kwani sumu hizi hukaa mwilini muda mrefu. Vidonge hivyo humezwa na chakula chenye mafuta kidogo ili vifyonzwe vizuri. Na hapa tahadhari: vitamini za unga za kuku zinazouzwa katika maduka ya mifugo huwa na K3, ambayo haifanyi kazi hii. Muuzaji akikwambia "vitamini K ni vitamini K", usikubali. Ukimaliza dozi, rudia kipimo baada ya saa 48 hadi 72 kabla ya kumwachia mbwa kukimbia.

Siku zinazofuata

Mbwa aliyepata organofosfati anaweza kuonekana amepona, kisha siku ya pili hadi ya nne misuli ya shingo, miguu na hata ya kupumulia ikalegea. Kwa hiyo awe karibu nawe, asifungwe mnyororo uani peke yake. Asipakwe dawa nyingine ya kupe au viroboto mpaka daktari aruhusu. Maji apewe kidogo kidogo, na chakula laini pale tu anapomeza bila kukohoa.

Hali ikimshinda daktari wa karibu, mwulize kuhusu kumhamishia katika hospitali ya mafunzo ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, lakini mbwa asafirishwe baada ya kutulizwa, si katikati ya degedege. Akifa, na hasa kama mbwa zaidi ya mmoja mtaani wamekufa, usimzike kwanza. Mweke kivulini ndani ya mfuko mzito, hifadhi matapishi au mabaki ya chambo kwenye chombo safi mahali pa baridi pasipo na chakula cha watu, na umwombe daktari apeleke sampuli kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ambao una kituo Dodoma. Taarifa ya nyama iliyotegwa sumu ipelekwe polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, kwani watoto huokota yale yale ambayo mbwa huokota. Mzoga hatimaye uzikwe kwa kina mbali na kisima, mahali ambapo mbwa wengine hawataufukua.

Kusafisha nyumba na kubadili utaratibu

Fua matandiko ya mbwa peke yake, au yachimbie chini kama yamelowa dawa. Unga uliomwagika sakafuni ukusanywe kwa kitambaa chenye unyevu, usifagiliwe, maana kufagia huurusha hewani. Vidonge vya fosfaidi au unga wa panya ndivyo visivyopaswa kuguswa na maji, bali viokotwe vikiwa vikavu na glavu mkononi. Nyumba ikipuliziwa dawa, mbwa na bakuli zake watoke, wasirudi mpaka sakafu imekauka na hewa imezunguka. Magunia ya nafaka yaliyotiwa dawa yawekwe juu ya chaga ndani ya chumba kinachofungwa, na mbwa ajengewe kivuli chake mahali pengine. Chambo cha panya kiwe ndani ya kisanduku kigumu chenye tundu la panya tu, nacho kihesabiwe kila asubuhi. Kwa kupe, nunua dawa iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, mpime uzito kwa kusimama naye kwenye mizani kisha kuondoa uzito wako, na ufuate kipimo cha lebo. Ikiwa nyumbani kuna paka, muulize daktari kabla ya kutumia dawa yoyote yenye permethrini, kwa sababu kiasi anachokivumilia mbwa kinaweza kumuua paka anayelala naye. Makopo matupu ya dawa yatobolewe, isipokuwa yale ya kupulizia yenye gesi ndani, na yote yasigeuzwe kuwa bakuli la maji wala kata ya kuchotea.